Sajini Aliyerudishwa Mara Mbili

Brenda amenipa daftari la kurasa themanini na kuniambia, "Dana, andika yale unayojua kabla hujaenda nayo." Dana kwa Kiluo ni nyanya, na hivyo ndivyo wote pale kituoni huniita, hata wale wenye mvi. Mimi nilifika darasa la nne kule Magunga, kwa hivyo nitaandika ninavyosema, na anayetaka nukta mahali pake aweke mwenyewe. Mambo ya vyeo na mishahara siandiki. Niliingia kituo cha wanyama cha Homa Bay nikishika ufagio, nikatoka nikishika ufagio, na katikati hapo nilishika mbwa.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumatatu. Niliambiwa nitafagia, nitachota maji, nitachemsha sindano, maana wakati huo sindano zilichemshwa. Hakuna aliyetaja mbwa. Saa nne hivi akaja mtu anaitwa Ezra Obiero amembeba mbwa wake begani, uso wa mbwa umejaa miiba ya nungunungu mpaka macho hayaonekani. Zadok Owiti, msaidizi wa daktari, akaniangalia mimi na ufagio wangu.

"Mama Roselida, weka hiyo kitu chini. Kuja ushike kichwa."

Nikamwambia sikuajiriwa kushika kichwa.

"Mbwa naye hakuajiriwa kudungwa," akasema.

Nikashika. Aliniuma kidole cha kati na alama iko mpaka leo. Zadok alitoa miiba kwa koleo ya fundi wa baiskeli, moja moja, anaishika karibu na ngozi na kuvuta mara moja bila kufikiria. Alisema ukifikiria, mwiba unakatika. Tulipomaliza nikarudi kufagia, lakini kuanzia siku hiyo mbwa akiingia mlangoni kila mtu alinitafuta mimi kwa macho.

Zadok ndiye aliyenifundisha, na hakuwahi kunikalisha chini anifundishe. Alikuwa ananigombeza tu. Nikimwinamia mbwa kwa mbele, "Wewe unataka akubusu?" Nikimwangalia machoni, "Mna kesi?" Hivyo nikajua mbwa mgeni unampa ubavu, unatazama pembeni kama mtu anayengojea jambo lingine. Nikajua pia kwamba anayebweka bado anaongea, na wa kuogopa ni yule aliyenyamaza. Kifaa changu kilikuwa gunia la katani. Gunia la plastiki linapiga kelele na mbwa anakusikia tangu jikoni. Ninyi siku hizi mna mti wa chuma wenye kitanzi, ulikuja na kitabu cha maelezo. Gunia langu halikuja na kitabu, na sijaona huo mti wenu ukimfunika mbwa aliyenyeshewa.

Miaka ya katikati tulizunguka na chanjo ya kichaa cha mbwa. Huko nako nilichoka. Watu wa Sindo walisema chanjo inamaliza ukali wa mbwa. Felgona Atieno, mama mzima, mwenyekiti wa kikundi, alificha mbwa wake chini ya kitanda. Mbwa akabweka akiwa huko huko chini.

"Ni redio," Felgona akasema.

Zadok akamwambia, "Basi punguza, tunataka kudunga redio sindano."

Zadok aliondoka kwa sababu ya macho, akarudi kwao Kadongo. Baadaye kituo kikaanza kuweka mbwa waliotupwa, kuwatibu na kuwatafutia nyumba, na daktari kijana Brenda Awuor akaletwa kusimamia. Brenda ni mtoto mzuri, ana mikono myepesi. Lakini amesoma sana, na hilo nitalieleza.

Sajini aliletwa na vijana wa ufuoni. Mwenye mbwa alikuwa Barnaba Okeyo, mzee wa kushona nyavu. Barnaba alipofariki, jamaa walikuja wakagawana nyavu, mabati, hata sufuria iliyotoboka, na mbwa hakuna aliyemtaja. Akabaki analala pale Barnaba alipokuwa akikaa kushona, anafukuzwa kwa mawe, anarudi. Alipofika kwetu alikuwa na kidonda mguuni kimeingia funza, sikio moja limechanika, na mdomo mweupe kama amelamba unga. Kwa meno nilimpa miaka kumi. Asubuhi alikuwa anakohoa kama mzee wa kanisa anayetaka kusema jambo. Jina la Sajini nilimpa mimi, sababu alikuwa anatembea akikagua kila kibanda kabla hajakubali kula.

Na kula kwenyewe alinisumbua. Ugali mtupu hakuli. Ugali na maziwa hakuli. Mpaka uweke omena, zile dagaa za ziwani, tena uzichanganye chini, zikiwa juu anazichagua na kuacha ugali. Miaka miwili nilimchanganyia omena nikimtukana.

Kisha mwenye ploti tuliyopanga akasema anataka ploti yake ajenge nyumba za kupangisha. Tukapewa mpaka mwisho wa mwezi uliofuata, mwezi ule ule wa mimi kustaafu. Tulikuwa na mbwa kumi na mmoja. Wakubwa wa kituo wakakaa, wakaandika kwamba mbwa atakayekosa nyumba mpaka siku hiyo atalazwa. Kulazwa ni neno la ofisi. Mimi nimeandaa hizo sindano, najua zinalaza nini.

Brenda akaweka picha kwenye simu, akabandika bango mlangoni lenye herufi kubwa, MBWA NI BURE. Watu wakaja. Kila mtu anauliza swali moja, "Hakuna kadogo?" Vidogo vikaenda wiki ya kwanza. Wale wa makamo wakaenda, mmoja mmoja, hata yule wa jicho moja alienda kwa fundi wa pikipiki. Akabaki Sajini. Watu walikuwa wanafika kwenye kibanda chake, anawakagua, anakohoa, nao wanasonga mbele.

Mtaniuliza kwa nini sikumchukua mimi. Nyumbani kwangu Magunga kuna mbwa watano, wote wa kituo hiki. Mwanangu Kennedy aliniambia wa sita akiingia, yeye anatoka. Nilifikiria sana kabla ya kumjibu.

Wa kwanza kumchukua alikuwa mwalimu Everlyne Adoyo wa Rodi. Siku ya nne akapiga simu.

"Dana, mbwa yenu hakuli."

"Unampa nini?"

"Mkate na chai."

"Yeye ni mgeni wa harusi? Mpe ugali na omena."

"Omena inanuka kwa nyumba. Na mbwa yenu anakohoa wakati wa maombi."

Siku ya sita akamrudisha. Kamba ilikuwa mpya, angalau hiyo alituachia.

Wa pili alikuwa Philemon Otieno, mlinzi wa nyumba za wageni kule kisiwani Takawiri. Huyo nilimwamini, mtu mpole. Nikampeleka Sajini mpaka kwenye boti mwenyewe, nikamweka miguuni pa Philemon, nikamwambia mambo ya omena mara tatu. Siku tisa baadaye boti hiyo hiyo ikaja na Sajini amesimama mbele, anakagua nchi kavu.

"Dana, mbwa yenu amelala mlangoni kwa mgeni," Philemon akasema. "Mgeni anaogopa kutoka. Siku mbili."

"Si ungemwita mbwa atoke?"

"Nimwite kama nani? Mimi si wake. Yeye ni wenu."

Hapo ndipo nilipotaka kujipiga kofi. Mbwa yenu, mbwa yenu, Everlyne alisema hivyo, Philemon amesema hivyo, na mimi nilikuwa nasikia nikidhani ni maneno tu. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamewekewa mbwa, hawakuwa wamepata mbwa.

Kwetu mbwa hatoki nyumba moja kuingia nyingine mikono mitupu. Anayemtaka analeta kitu kutoka kwake, kuku, jembe, debe la mtama, kitu ambacho nyumba yake itakikosa. Mama yangu mzazi alitoa jembe jipya kwa mbwa wa kwanza ninayemkumbuka, na baba akanuna msimu mzima wa kupalilia. Lakini mbwa huyo akiharibu, hakuna aliyesema mbwa wa jirani ameharibu. Alikuwa wetu kwa jembe. Mbwa wa bure anabaki wa aliyemtoa. Kesho akikohoa, anarudishwa kwake kama sufuria iliyoazimwa.

Wale wengine kumi, wadogo na wa makamo, watu waliwapenda kwa macho, mapenzi yakaziba pengo la malipo. Mzee kama Sajini hakuna wa kumpenda kwa macho. Yeye alihitaji kulipiwa kitu. Na mimi nilijua hayo tangu utotoni, nikakaa kimya mara mbili kwa sababu ya bango.

Nikamwambia Brenda. Akacheka, si kwa ubaya.

"Dana, hiyo ni mila. Watu wa siku hizi wanapenda vitu vya bure."

"Wanavipenda. Hawavitunzi."

"Na sheria unaijua. Hatupokei kitu kutoka kwa mtu. Hata yai."

Sheria niliijua, nilikuwepo ikiandikwa. Kuna mfanyakazi mmoja, jina nalikumbuka lakini ana watoto mjini hapa, aliyekuwa akiuzia watu mbwa kwenye ua wa nyuma. Kwa hivyo sheria haikuwa mbaya. Ilikuwa imemlenga mtu mwingine na ikampata Sajini.

Zikabaki siku tano. Siku hiyo tulikuwa tunaenda Kegonga kusaidia chanjo upande wa Migori, wakati mwingine hutuita wakikosa watu. Nikamfungua Sajini nikampandisha nyuma ya gari.

"Anaenda kufanya nini?" Brenda akauliza.

"Kuonekana."

Tuliweka meza karibu na soko la ng'ombe. Mimi Kikuria sijui zaidi ya salamu, wao Kiluo hawakitaki, kwa hivyo ilikuwa Kiswahili, kila mtu akikivunja kwa upande wake. Mbwa wakaletwa, tukadunga mpaka mchana. Sajini nilimfunga kwenye mguu wa meza, akawa anakagua foleni.

Akaja mzee wa koti refu na gambuti, fimbo mkononi, hana mbwa. Akajitaja jina, Mwita Nyamohanga. Alizunguka meza mara mbili. Kisha akachuchumaa karibu na Sajini, ubavu kwa ubavu, akitazama ng'ombe kule mbali, mpaka Sajini mwenyewe akamnusa. Mimi nikaacha kujaza sindano. Mtu kama huyo hafundishwi na kitabu.

"Huyu ni wa nani?"

"Hana mwenyewe. Mwenyewe alifariki," nikasema.

Akamfungua mdomo kwa kidole gumba, akaangalia meno. "Amekula chumvi huyu."

"Amekula."

"Na mimi nimekula."

Brenda akaingilia, "Mzee, kama unataka mbwa, tunaweza kukutafutia kijana." Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Hakuelewa, akasogeza mguu.

"Kijana wa nini?" mzee akasema. "Mbwa wangu tulizeeka naye, nikamzika. Sasa nikichukua mtoto, mimi ndiye nitatangulia, na abaki na nani? Watoto wangu wote wako mbali. Mke wa mwanangu hapa nyumbani hapendi mbwa. Nikitangulia, atampiga mawe siku hiyo hiyo. Huyu tunatoshana."

Mimi nilikuwa nimeona mbwa aliyebaki akipigwa mawe.

"Mnataka nini kwake?" mzee akauliza.

"Hatutaki kitu," Brenda akasema kwa furaha yake yote. "Ni bure, mzee. Bure kabisa, hata chanjo tayari."

Mzee akamwachilia Sajini mdomo polepole. Akapangusa kidole kwenye koti. "Ana ugonjwa gani?"

"Hana."

"Ameuma mtoto wa mtu?"

"Hapana, ni mpole."

"Haya. Asante, daktari." Akasimama kwa fimbo yake, akaenda.

"Sasa nimesema nini?" Brenda akaniuliza.

Yale niliyokuwa nayo mdomoni si ya kumwambia daktari. Niliweka sindano chini, nikamfuata mzee na magoti yangu haya. Nilimpata kwa akina mama wanaouza wimbi.

"Mzee, ngoja. Yule ni mtoto. Amesoma sana."

"Nimeona."

"Mbwa hatoki bure. Mimi najua."

"Basi mbona mnamtupa?"

"Hatumtupi. Tunafuata karatasi."

Akanitazama vizuri. "Kwenu hutoa nini?"

"Kuku. Ama jembe. Na kwenu?"

"Kuku."

"Basi leta kuku."

"Wa kutaga?"

"Wa kutaga. Mbwa ana akili zote."

Akaniambia nyumbani si mbali. Watu wakikuambia hivyo, kaa chini. Tulimaliza foleni, tukakunja meza, dereva akawasha gari, na mzee hajaonekana. Brenda alitaka kupakia sanduku la barafu la chanjo. Nilikuwa nimelikalia.

"Dana, ondoka hapo tuende."

"Magoti yamekataa."

"Dana."

"Yanaanza kukubali. Ngoja kidogo."

Alikuwa amekasirika, na mimi nilikuwa nimekasirika zaidi, ila mimi nilikuwa nimekaa. Sajini peke yake ndiye aliyekuwa hana haraka.

Ndipo tukamwona mzee anakuja, kuku mwekundu kwapani, miguu imefungwa kwa katani. Nyuma yake mwanamke anakuja akiongea tangu mbali. Huyo alikuwa Robi, mke wa mwanawe.

"Mama, ni wewe umemwambia baba atoe kuku?" Robi akaniuliza. "Kuku wangu wa kutaga, kwa hii mbwa ya kukohoa?"

"Ni mimi."

"Meno ziko ngapi?"

"Za ugali zinatosha."

"Ugali wa nani?"

"Wenu," nikasema. "Na uweke omena chini, si juu."

Robi akamgeukia mzee, wakasemezana Kikuria kwa muda. Sikuelewa neno, lakini mzee hakumwachia kuku. Robi akamaliza kwa Kiswahili ili na sisi tusikie. "Sawa. Lakini nimetoa kuku. Mbwa akienda kulala kwa watu, mimi mwenyewe nitamfuata nimrudishe."

Nikamtazama Brenda nione kama amesikia. Alikuwa anatazama kuku.

"Dana, siwezi. Hatupokei kitu. Mimi ndiye nasimamia, watanifukuza mimi."

"Andika ni mimi nimepokea. Nimebakiza siku tano. Wakitaka kunifukuza wafanye haraka."

"Na akirudishwa tena?"

"Akirudishwa, itabidi kuku naye arudishwe. Huyu mama umemsikia. Unamwona akija Homa Bay kwa sababu ya mbwa, ama unamwona akimfuata kwa jirani?"

Brenda akamwangalia Robi, ambaye alikuwa amekwisha kuishika kamba ya Sajini na kukagua fundo. Kisha akatoa fomu ya mbwa na kalamu.

Nilipokea kuku kwa mkono wa kushoto huku natoa kamba kwa mkono wa kulia, kwa wakati mmoja, ili kusiwe na dakika ambayo mbwa si wa mtu. Zingatieni hapo ninyi mnaobaki. Mkitoa mbwa, ulizeni kwanza watu wa mahali hapo mbwa hutoka vipi kwao. Fomu ije baadaye.

Njiani kurudi Brenda hakusema na mimi mpaka Migori mjini. Hapo akafungua daftari la wanyama waliopokelewa kituoni, akaandika, "Kuku mmoja, jike, mwekundu, hajachanjwa." Akalifunga. Nikajua ameelewa, ingawa alielewa kwa njia ya ofisi.

Siku ya mwisho wa mwezi vibanda vilikuwa vitupu na sindano ile haikutolewa kwenye sanduku. Nilifagia, nikarudisha funguo, nikaenda Magunga.

Miezi mitatu baadaye nikaenda Kegonga kwa pesa yangu na pakiti ya omena. Hakuna aliyenituma. Boma la mzee Mwita lina ua wa katani, na kwenye kivuli cha zizi mzee alikuwa amekaa anasuka kamba ya ndama. Sajini alikuwa amelala miguuni pake, amenenepa, kola ya ngozi shingoni. Robi alitoka jikoni akanisalimia na papo hapo akaanza mashtaka. Mbwa wake amekataa ugali wa mtama. Mbwa wake juzi alikwenda kwa jirani zao akina Gati akakaa mpaka jioni, naye akamfuata na kijiti. Mbwa wake anamwamsha kwa kikohozi. Nilimsikiliza yote mpaka mwisho, sijawahi kusikia mashtaka matamu hivyo.

Nikachuchumaa, nikafungua pakiti. "Sajini."

Aliinua kichwa. Alinijua, mkia ulisema. Akasimama, akapiga hatua moja, kisha akasimama hapo hapo na kugeuka kumtazama mzee.

Nikabaki nimechuchumaa na omena mkononi kama mchuuzi aliyekosa wateja. Mzee alikuwa anahesabu nyuzi za kamba yake, hana habari. Na Sajini anangoja. Ilibidi nimwambie mzee, "Baba, mwambie aje." Mzee akasema neno moja la Kikuria bila kuinua macho, ndipo Sajini akaja, akala zote mkononi mwangu, akanikagua viatu, akarudi kulala pale pale.

Miaka miwili namchanganyia omena, na sasa anaomba ruhusa kwa mtu mwingine. Nilimkasirikia mpaka Migori mjini.